SAP siyo sapu: hesabu ya kimya inayowakatia watu wetu msaada wa chuo

Kwa mtu aliyesoma chuo Tanzania neno sapu halihitaji maelezo. Umefeli somo, unarudia mtihani, ukifaulu maisha yanaendelea, ukifeli sana unadisko unarudi nyumbani na begi lako. Sasa huku Marekani kuna kitu kinaitwa SAP, yaani sharti la maendeleo ya kuridhisha kwa mwanafunzi anayepokea msaada wa serikali kuu, masikioni kinakaribiana kabisa na hiyo sapu yetu, na nimeshaona zaidi ya mtu mmoja akiambiwa "una tatizo la SAP" anakaa anasubiri aitwe kwenye mtihani wa marudio. Haitwi. Hakuna mtihani. Kinachotokea ni kwamba hela ya Pell, ile ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, haiingii, bili ya semesta inakuja yote kwa jina lake, na chuo wala hakijamfukuza, yuko huru kuendelea kusoma ila alipe mwenyewe. Kwa mtu anayelipwa kwa saa na ana watoto watatu, hiyo na kufukuzwa ni kitu kimoja.

Mimi nasaidia watu kujaza FAFSA, fomu ya kuomba huo msaada, kwenye ukumbi wa kanisa letu, wengi ni Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma, Nakivale, Kiswahili chao na changu tunapishana kidogo lakini tunaelewana vizuri tu. Kila Desemba na kila Mei matokeo yakitoka simu yangu haipumziki, na swali ni lile lile: dada, mbona mwaka jana walinipa na mwaka huu wamekataa, wakati kipato changu hakijabadilika hata dola moja? Na ukilisikiliza vizuri hilo swali utaona lina mantiki kabisa, kwa sababu wakati wa kujaza fomu tulimuuliza mambo ya kipato na idadi ya watu nyumbani kwake tu, hakuna mtu aliyemuuliza amefaulu nini. Kwa hiyo kichwani mwake anajua msaada huu unatolewa kwa sababu ya uhaba. Na ni kweli, uhaba ndo unakuingiza. Lakini kinachokubakiza ndani ni kitu kingine, na hicho kitu kingine anakuja kukijua siku anapokatiwa.

Historia yake fupi. Rais Lyndon Johnson alisaini sheria ya elimu ya juu Novemba 1965, misaada mingi ya serikali kuu kwa wanafunzi imetokea humo. Ruzuku tunayoiita Pell ilianza 1972 kwa jina jingine, ikapewa jina la seneta Claiborne Pell wa Rhode Island mwaka 1980, na kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024 hadi 2025 kilikuwa dola 7,395. Sharti kwamba mwanafunzi aonyeshe maendeleo ya kuridhisha, ambalo ndo hilo SAP, liliingia kwenye sheria mwaka 1976, na kanuni zinazotumika sasa zilianza Julai 2011. Yaani hili jambo siyo geni, lina karibu miaka 50. Ugeni ni wetu.

Vipimo viko vitatu. Cha kwanza kila mtu anakielewa, ni GPA, kwa program ya zaidi ya miaka miwili ukifika mwisho wa mwaka wa pili lazima uwe na wastani wa C, yaani 2.0, au kiwango kinacholingana na masharti ya chuo ya kuhitimu, na vyuo vingi vinadai hiyo 2.0 mapema zaidi. Cha tatu ni ukomo wa muda, usizidishe asilimia 150 ya urefu wa program, digrii ya krediti 120 ukomo wake ni krediti 180 ulizojaribu, diploma ya miaka miwili ya krediti 60 ukomo ni 90. Cha katikati ndo kinachotumaliza, nacho ni kasi. Wanachukua krediti zote ulizofaulu tangu uanze wanagawanya kwa krediti zote ulizojaribu tangu uanze, na jibu vyuo vingi vinataka lifike asilimia 67. Hiyo 67 imetoka kwenye ile 150, maana 120 ukigawa kwa 180 unapata theluthi mbili.

Ona neno "ulizojaribu". Humo ndo shimo lilipo.

Nilidumbukia humo mimi mwenyewe. Nilikuja kwa grini kadi, nikaanza komyuniti koleji, chuo cha miaka miwili, nikiwa nimeshapita miaka 30, usiku nafanya kazi nyumba ya wazee, asubuhi naenda darasani. Semesta ya kwanza nikajiandikisha masomo manne, krediti 12. Ikifika wiki ya sita mwili umekataa, mtoto anaumwa, kazini tumepungukiwa watu nalazimishwa kubaki shifti ya pili, nikaenda kwa mshauri wa masomo nikamuuliza nikidropu masomo mawili itakuwaje, akanijibu kwa upole kabisa kwamba nitapata W, alama ya somo uliloacha katikati, na W haishushi GPA. Na hakudanganya, W haigusi GPA hata kidogo. Ila W ni krediti uliyojaribu na hukumaliza. Nikadropu mawili, mawili yaliyobaki nikapata A na B nikafurahi sana, nikapiga picha nikatuma nyumbani. Wakati huo huo kwenye kompyuta ya ofisi ya msaada mimi nina 6 kwa 12, asilimia 50.

Semesta ya pili nikachukua tena manne, nikapata B tatu, kemia nikafeli. Jumla 15 kwa 24, asilimia 62.5. GPA yangu ilikuwa 2.67, ukinionyesha hiyo GPA bila jina nitakwambia huyu mwanafunzi anaendelea vizuri tu. Wakakata. Nikaambiwa nikifaulu zaidi nitarudishwa, basi nikachukua somo moja kwa hela yangu, nikafaulu, nikafika 18 kwa 27. Piga hesabu hiyo utapata 66.67. Chuo chetu kiliandika kwenye sera yake 67 na hakikuzungusha 66.67 iwe 67, vyuo vingine vinazungusha, chetu hapana. Kwa hiyo nikachukua somo jingine tena kwa hela yangu ndo nikafika 21 kwa 30, asilimia 70, nikarudishiwa msaada baada ya mwaka mzima. Sijasahau ile karatasi ya 66.67 hadi leo, niliishika mkononi nikiwa nimevaa sare ya kazi na sikujua nimlalamikie nani, kwa sababu kila mtu aliyehusika alifuata kanuni.

Sasa tofauti ndogo ambayo ingeniokoa: mwanzoni mwa semesta kuna siku chache za kuongeza na kupunguza masomo. Ukitoa somo ndani ya hizo siku, linafutika kama vile hukuwahi kulichukua. Ukitoa siku moja baada ya hapo, ni W na inahesabiwa kwamba umejaribu. Wanafunzi wetu wengi wanasubiri. Wanasema ngoja nione mtihani wa kwanza utakuwaje, na mtihani wa kwanza unafika dirisha limeshafungwa.

Na hapa lazima niseme kitu ambacho watu wetu hawapendi kukisikia lakini nakisema kwa upendo. Wengi tunajiandikisha krediti 12 siyo kwa sababu tunaziweza, ni kwa sababu ya hela inayobaki. Pell inapungua kadiri unavyopunguza krediti, na kwenye komyuniti koleji yenye ada ndogo, mtu mwenye Pell kamili akishalipiwa ada kinabaki kiasi anarudishiwa mkononi, na kile kiasi kimeshapangiwa kabla hakijafika, kodi ya nyumba, tairi za gari, hela ya kutuma kwa mama. Simlaumu mtu kwa hilo, hela hiyo ni ya kisheria na imewekwa kwa ajili ya maisha ya mwanafunzi. Lakini mtu anayefanya kazi saa 40, na ovataimu juu, akichukua krediti 12 ili apate ile hela, anakopa kwenye kasi yake. Semesta mbili za hivyo na msaada wote umekwenda, wakati angechukua 6 akafaulu zote 6, angekuwa na asilimia 100 na angekuwa bado ndani. Mbaya zaidi, ukiacha masomo yote kabla ya kufika asilimia 60 ya semesta, sehemu ya ule msaada inahesabiwa hukuustahili na inarudishwa serikalini, halafu chuo kinakudai wewe, na deni hilo linaweza kukuzuia kujiandikisha semesta inayofuata. Mtu anabeba matatizo mawili kwa uamuzi mmoja alioufanya wiki ya saba akiwa amechoka.

Tuje kwenye haki yenyewe ya jambo hili, maana kujua kanuni ni kitu kimoja na kuikubali ni kingine.

SAP inampima anayepokea msaada. Mwanafunzi anayelipiwa na baba yake, akiwa na GPA ya 1.9 na W nne, hakuna ofisi ya msaada itakayomwandikia barua. Anaweza akakutana na masharti ya kitaaluma ya chuo, ndio, lakini hayo mara nyingi ni ya taratibu zaidi na hayana kipimo hiki cha kasi. Wanafunzi wawili wamekaa dawati moja, wamefeli somo moja, mmoja anaendelea na mwingine anarudi kwenye ghala la mizigo, na kilichowatofautisha ni mfuko wa mzazi. Watafiti wawili, Judith Scott-Clayton na Lauren Schudde, walichukua data za wanafunzi wa komyuniti koleji za jimbo moja wakaangalia waliokuwa karibu kabisa na ule mstari, waliopita kidogo na walioanguka kidogo. Wakakuta walioanguka wengi zaidi waliacha chuo, na wale waliobaki alama zao zilipanda kidogo. Baada ya miaka mitatu upande wa hasara ndo ulionekana mkubwa. Na walisema wazi pia kwamba kanuni inaokoa fedha za serikali, kwa sababu krediti zilizopungua ni zaidi zile ambazo watu wangejaribu na kufeli, lakini hapo hapo inaongeza pengo, inawasukuma nje maskini wanaofanya vibaya haraka kuliko wenye uwezo wanaofanya vibaya vile vile.

Naelewa kabisa anayesema hela ni ya walipa kodi na lazima ilindwe. Mimi pia ni mlipa kodi. Wapo watu waliojiandikisha, wakasubiri ile hela ya kubaki, wakapotea, wakaenda chuo kingine wakafanya hivyo hivyo. Na kuna hoja nzito zaidi ya hiyo, kwamba kumwacha mtu aendelee kutumia Pell miaka na miaka bila kufaulu ni kumdhuru, kwa sababu Pell yenyewe ina ukomo, semesta 12 za muda wote kwa maisha yako yote, ukizimaliza kwa kufeli umezimaliza. Hata kwetu bodi ya mikopo Tanzania inataka mwanafunzi anayeendelea awe amefaulu kuingia mwaka unaofuata ndo apewe boom, hela ya kujikimu, na hakuna anayeshangaa. Sharti likiwepo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu uko kwenye kipimo ambacho mwenye kupimwa hakioni. Kwetu matokeo yakibandikwa unaona mwenyewe umepata sapu ngapi, ni kitu kinachojulikana na chuo kizima, bwenini watu wanaambiana. Huku kasi yako mara nyingi haiko kwenye transkripti, iko kwenye mfumo wa ofisi ya msaada, na unaletewa taarifa ikishashuka. GPA inaandikwa kila mahali. Kwa nini asilimia ya kasi isiandikwe pembeni yake, siku ile ile, na unapobonyeza kudropu somo ikatokea sentensi moja tu kwamba ukiendelea kasi yako itashuka kutoka hapa hadi hapa? Hakuna sheria inayokataza hilo.

Na usidhani kila mtu anapewa onyo kwanza. Chuo kinachokagua SAP kila semesta kinaruhusiwa kukupa onyo la semesta moja ukiwa bado unapokea msaada, bila hata kuandika barua. Chuo kinachokagua mara moja kwa mwaka hakina hiyo nafasi ya onyo, mwaka ukiisha uko chini, msaada unasimama. Kwa hiyo binamu wawili wanaosoma vyuo viwili tofauti mji mmoja wanaweza wakafanya kosa moja, mmoja akaonywa na mwingine akakatwa, halafu kwenye kikao cha familia yule aliyekatwa ndo anaonekana mvivu.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba hesabu hii haizeeki. Vyuo vingi vina utaratibu wa kusamehe alama za zamani, unarudi baada ya miaka mingi wanakufutia zile F kwenye GPA ili uanze upya. Kanuni za msaada wa serikali kuu hazitambui huo msamaha, krediti zote zinabaki kwenye hesabu. Kuna mama mmoja alikuja kwangu ana miaka 38. Alipofika Marekani akiwa na 20 na kitu waliandikishwa chuoni yeye na wenzake, Kiingereza hakijakaa, mimba ya kwanza, akaacha masomo matatu katikati bila hata kuaga kwa sababu hakujua kuna kuaga, akapata F tatu. Amelea watoto, amefanya kazi, Kiingereza sasa anaongea na daktari bila mkalimani, karudi chuo kile kile na ile hamu ya mtu anayejua anachokitaka, na kitu cha kwanza alichopokea ni barua ya kwamba hastahili kwa sababu ya kitu alichofanya akiwa msichana. Mama wa watu alikaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza, mwanangu, kwani hapa hawajui mtu anakua?

Nilimjibu kuna njia, na nitaifikia. Kwanza niseme la unesi, maana hapo tuko wengi.

Ukiuliza vijana wetu kumi wanaosomea nini, sitashangaa sita wakikwambia unesi. Lakini kabla ya kukubaliwa kwenye program yenyewe kuna masomo ya kutangulia, anatomia na fiziolojia sehemu mbili, mikrobiolojia, kemia, takwimu, saikolojia, na nafasi ni za kugombania kwa hiyo mwenye C anarudia ili apate A. Kila kurudia ni krediti umejaribu upya. Na somo ulilokwisha kulifaulu msaada wa serikali unakulipia kulirudia mara moja tu. Mtu anaomba mwaka wa kwanza anakosa, ili asikae bure anachukua masomo mengine, anaomba mwaka wa pili anakosa, anabadilisha program, na siku anapokubaliwa krediti alizojaribu zimeshafika 75 au 80, ukomo ni 90, na program yenyewe imebakiza zaidi ya hizo 10 au 15. Na kanuni haisubiri ufike 90. Siku hesabu ikionyesha kwamba huwezi tena kumaliza ndani ya ukomo, unakatwa siku hiyo. Nimeona mtu kashika barua mbili wiki moja, moja inampongeza kwa kukubaliwa unesi, nyingine inamwambia msaada umekwisha.

Kuhusu Kiingereza pia. Masomo ya kujiandaa, yale ya chini ya kiwango cha chuo, kanuni inakiruhusu chuo kutoyaingiza kwenye hesabu ya kasi. Inakiruhusu, haikilazimishi. Kwa hiyo mgeni aliyepangiwa semesta nzima ya kujifunza kuandika insha, akifeli, kwenye chuo kimoja hajaguswa na kwenye chuo kingine ameshaanza na sifuri kwa sita. Ukiwa unachagua chuo usiulize ada peke yake. Uliza sera yao ya SAP inahesabuje masomo ya lugha, uliza wanakagua lini, uliza wanazungusha 66.67 au hawazungushi. Sera lazima iwepo kwa maandishi, ni sharti la serikali.

Haya, rufaa. Chuo hakilazimishwi na serikali kuu kuwa na rufaa, ila kikiwa nayo, na vyuo vingi vinayo, sababu zinazotajwa ni kifo cha ndugu, kuumia au kuumwa kwa mwanafunzi, au mazingira mengine maalum. Barua yako lazima ijibu maswali mawili: nini kilitokea hadi ukashindwa, na nini kimebadilika kitakachokuwezesha kufaulu sasa. Watu wetu swali la kwanza wanaliandika kwa aibu na la pili hawaliandiki kabisa. Nimesoma barua za kurasa mbili za kuomba msamaha, "naahidi nitajitahidi, naomba mnihurumie," nzuri sana ila haina kitu ambacho yule anayeamua anaweza kukishika. Yeye anataka kuona mlikuwa na msiba tarehe fulani, sasa umeshazika, shifti zimebadilishwa na barua ya msimamizi hii hapa, mtoto amepata mtu wa kumlea. Hayo hayamdhalilishi mtu. Kuficha ndo kunamgharimu.

Na kuna hili la ndugu. Januari 2025 Goma, mashariki mwa Kongo, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, Februari ikafuata Bukavu, na kwenye semesta ile nilikuwa na wanafunzi ambao usiku hawalali wanapiga simu hazipokelewi, asubuhi wanakaa mbele ya mtihani wa takwimu. Wakafeli. Nikawauliza mbona hamkuandika rufaa, mmoja, binti wa Bukavu, akaniambia dada, aliyefariki hakuwa mama yangu mzazi, alikuwa mama mdogo, na hapa ukisema mama mdogo wanasema ni shangazi tu. Nikamfungulia kanuni tukasoma wote. Kanuni imesema ndugu. Haikusema mzazi. Mama mdogo aliyekulea, mjomba aliyekusomesha, babu, wote wamo, na hata kama ofisi ingebishana juu ya undugu bado kuna yale mazingira mengine maalum, na vita kwenye mji wa wazazi wako kama siyo mazingira maalum basi sijui nini ni maalum. Tatizo likawa ushahidi, cheti cha kifo kutoka Bukavu wakati ule utakipata wapi. Tukaandika maelezo, tukaambatanisha barua ya mchungaji aliyeongoza ibada ya msiba huku, na tarehe za habari za mji ule. Ofisi ikakubali.

Ukikubaliwa rufaa unawekwa kwenye kipindi cha majaribio, semesta moja, na ikiwa hesabu yako haiwezi kupona kwa semesta moja chuo kinakuandikia mpango wa masomo, ukiufuata unaendelea kupokea msaada hata kama asilimia bado haijafika 67. Yule mama wa miaka 38 ndo njia aliyopitia, mpango wa semesta nne. Ila kila kitu kiko mikononi mwa chuo, wakikataa hakuna wizara ya kwenda kulalamika, Washington haisikilizi rufaa ya SAP ya mtu. Ndo maana hiyo barua ya kwanza haitakiwi kuandikwa saa sita usiku kwenye simu kabla ya shifti.

Ningekuwa na nafasi ya kuongea na wanaotunga hizi kanuni ningeomba vitu viwili tu na ningeving'ang'ania. Hesabu ya mtu aliyekaa nje miaka kadhaa ianze upya, mara moja maishani, ili mtu wa 38 asihukumiwe na mtu wa 22. Na kasi ionyeshwe kwa mwanafunzi kila semesta, kwa lugha anayoisoma. Vyuo vina wakalimani wa Kiswahili kwa ajili ya siku ya kuandikisha wanafunzi wapya, nimewaona, nimefanya kazi hiyo mwenyewe. Siku ya kudropu somo hayupo hata mmoja.

Yule binti wa Bukavu masharti yake ni C au zaidi kila somo na asitoe somo lolote. Semesta hii alitaka tena krediti 12, tukabishana karibu saa nzima, hela inayobaki itapungua na yeye ndo anayewatumia wadogo zake waliovukia Burundi. Juzi kanitumia picha ya ratiba. Masomo mawili, Jumanne na Alhamisi asubuhi, na kazini ameomba usiku wake uhamishiwe wikendi.